Mama Dorcas na Ukuta Uliovuliwa Lipu

Leo Jumatano, tarehe 30 Juni 1999, Bi. Epifania Niyomwungere, ambaye nusu ya Kibondo inamwita Mama Dorcas na nusu nyingine inampisha njia kimya kimya, anastaafu baada ya kuutumikia ujenzi wa serikali kwa miaka thelathini na miwili, miezi mitatu na siku kumi na saba. Hesabu hiyo ameipiga mwenyewe. Karani wa utumishi alipata siku kumi na nane, wakabishana asubuhi nzima, karani akashindwa.

Kamati ya sherehe ilitaka wasifu huu uandikwe na msomi. Msomi akapata safari. Kazi ikamwangukia mtunza stoo wa karakana, mtu wa darasa la nne na miwani ya kuazima. Kwa hiyo msitafute sana koma humu ndani. Zipo chache, na zimewekwa pale mwandishi alipochoka.

Mama Dorcas alizaliwa mwaka 1944 kwenye vilima vya juu ya Kasulu. Wazazi wake walikuwa wamevuka kutoka upande wa Burundi na jembe moja na mbegu za maharage zilizofungwa kwenye kitambaa. Alisoma kwa masista mpaka walipomwambia inatosha. Tarehe 13 Machi 1967 aliajiriwa mjini Kasulu kuchota maji ya kuchanganyia zege, ndoo kichwani na Dorcas, mtoto wake wa kwanza, mgongoni. Siku ya tatu alimwambia fundi mwashi kwamba ukuta wake umelala. Fundi akamwambia akachote maji. Akachota. Aliporudi alichomoa uzi kwenye kikapu chake, akafunga kijiwe, akauning'iniza mbele ya ukuta, na uzi ukasema kile kile alichokisema yeye. Wiki iliyofuata alikabidhiwa mwiko. Fundi yule aliacha kazi akaenda kuuza samaki, na tunaambiwa alifanikiwa.

Kutoka hapo alipanda: saidia fundi, fundi mwashi, fundi mkuu, na mwaka 1981 msimamizi wa ujenzi, mwanamke wa kwanza katika karakana zetu kuitwa hivyo. Ameacha madarasa, zahanati na nyumba za walimu kuanzia Buhigwe mpaka Kakonko. Alikuwa anasafiri juu ya trela la trekta pamoja na misumari, chumvi na mbuzi wa watu, amekaa wima kama anakwenda kubatizwa.

Alikuwa na namna yake ya kuanza kazi, na iliwasumbua wakubwa wengi. Kabla ya kupiga vigingi vya msingi alikwenda kwenye kiwanja peke yake saa sita mchana, akatandika kanga, akajilaza. Saa nzima. Ukimpitia unamkuta amefunika uso, mikono kifuani, nyasi zinampepea miguuni, vipepeo wanatua juu yake kama juu ya ua lililoanguka. Afisa mmoja alimwandikia barua ya kulala kazini. Alijibu kwa mstari mmoja kwamba hakulala, alikuwa anakisikiliza kiwanja. Akiamka anakwambia upepo wa kiangazi unaingilia wapi, maji ya mvua yatapita wapi, na jua la saa tisa litamchoma nani machoni. Kisha anapiga vigingi, na havihamishwi tena.

Wazee wa Kasulu wanaikumbuka ile ofisi moja, ambayo haitatajwa hapa kwa kuwa bado ina watu ndani yake. Ramani yake ilitoka mbali, imechorwa na mtu ambaye maishani mwake hajawahi kutetemeka kwa baridi. Kuta zilijaa matundu ya kuingizia upepo wa bahari. Bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita elfu moja. Ikifika Juni kama hivi, makarani wanapiga chapa wamevaa makoti na soksi mikononi, na mmoja wao, sasa ni marehemu, aliweka chupa ya maji ya moto kwenye droo pamoja na muhuri. Mama Dorcas alitumwa kuipaka rangi ofisi ile. Akaipaka, na matundu yote ya upande wa mashariki akayaziba kwa udongo bila kibali cha mtu. Alipoulizwa alisema hakuyaelewa vizuri maelekezo. Huo ndio uongo pekee wa kiofisi tunaoujua kwake, na makarani walimletea kuku wawili.

Alihamia Kibondo mwaka 1985. Siku hizo tanuri la matofali ya kuchoma lilipata kuni zake hapo hapo nyuma ya karakana, unakata huku unasikia redio ya stoo. Ilipofika 1994 ndugu zetu wa Burundi walikuwa wamevuka kwa maelfu, kila chungu kinataka kuni tatu, na akina mama wa mjini na akina mama wa kambini wakawa wanakutana kwenye njia ile ile na mashoka yale yale. Lori letu liliondoka na umande likarudi jioni na kuni za nusu tanuri. Nusu nyingine tuliifuata kesho yake, mbali zaidi. Mama Dorcas alikuwa akisimama karibu na tanuri linapowaka, anatazama moshi unavyopanda taratibu mpaka unachanganyika na mawingu ya vilimani, midomo yake ikicheza. Tulidhani anasali. Alikuwa anahesabu miti.

Sasa tufike kwenye ukumbi huu mliokaa.

Ninyi mnaoukumbuka ukumbi wa zamani mnajua tulivyoteseka. Bati tupu, hakuna dari. Hapa kwetu mvua inanyesha miezi saba. Tone la kwanza likigonga bati, mwenyekiti anafungua mdomo na hakitoki kitu, anainua mikono yote miwili juu kuonyesha kwamba mkutano umeahirishwa, watu wanajifunika wanangoja. Wenye sauti kubwa walipata haki zao pale. Wenye sauti ndogo walipata mafua.

Siku moja ya Februari 1995 mvua ilitufungia wote mle ndani, na katikati ya makelele yale Mama Dorcas alisinzia. Alipoamka alitusimulia alichokiota, na macho yake yalikuwa bado huko. Alikuwa ndani ya tumbo la ng'ombe aliyelala ubavuni mwa kilima. Nje mvua inamnyeshea ng'ombe mgongoni, inateleza, inakwenda zake bondeni. Ndani ni vuguvugu na nusu giza, mwanga unaingia kwa juu kama kupitia maziwa, na ng'ombe anapumua polepole, anapumua, mpaka nawe unapumua pamoja naye. Mbali, upande wa pili wa tumbo, mtu anatafuna karanga, na unamsikia karanga moja moja.

Akaomba penseli. Hakukuwa na karatasi, ikapatikana fomu ya kuombea misumari. Ukumbi huu, jamani, ulichorwa nyuma ya fomu ya misumari.

Aliuombea ruhusa miezi kumi na mitatu. Wakubwa walimuuliza matofali atayachoma wapi. Akasema hayachomwi. Udongo mwekundu, udongo wa kichuguu, saruji kidogo kama chumvi kwenye mboga, vinashindiliwa kwa mashine ya mkono. Juni mpaka Agosti 1996 tulining'inia kwenye mpini wa mashine ile wawili wawili kama watoto wanaocheza. Kila tofali lililotoka lililazwa kivulini, likafunikwa majani ya migomba, likanyunyiziwa maji asubuhi na jioni kwa siku ishirini na nane. Watu waliopita barabarani waliuliza tumepanda nini. Kila tofali la kumi aliliinua mpaka begani akaliachia. Likivunjika, waliofyatua siku hiyo wanaanza upya, na hakuna kunung'unika. Tulifyatua elfu kumi na nane na mia nne, na hakuna mti uliokatwa kwa ajili yao.

Hata mninga ule wa hapo nje aliukatalia. Ramani ilipita katikati yake. Akaikunja ramani. Ndiyo maana ukumbi wetu umepinda kidogo upande wa kusini, kama mtu anayempisha mkubwa njiani. Tazameni juu pia. Mnaona mikeka ya matete, ni miwili, na kati ya mkeka wa juu na bati kuna nafasi ambamo hewa inatembea na kelele ya mvua inapotelea. Upenu umeshuka kama kofia ya mvuvi ili mvua isiuguse ukuta. Madirisha yako juu, mwanga unaingia bila jua kuingia, na mtu anayetaka kuchungulia mkutano inabidi aje na ngazi. Maji ya paa yanakwenda kwenye tangi nyuma, na zahanati ya jirani inachota humo kiangazi kizima.

Kujaribu sauti, alimwita Shamsia, mama yetu wa chai na maandazi. Akamsimamisha mlangoni akamwambia aseme lolote kwa sauti ndogo kuliko zote alizonazo. Shamsia akasema la jirani yake. Mama Dorcas, aliyekuwa kule mbele kwenye jukwaa, akalirudia lote bila kuacha neno. Tangu siku hiyo Shamsia hasengenyi ndani ya jengo hili. Na hilo lihesabiwe katika mafanikio ya mstaafu.

Sasa inakuja sehemu ambayo kamati haijui kwamba imo humu.

Septemba 1997 ukumbi ulikuwa umekamilika. Kuta zilikuwa za rangi ya udongo, zimesuguliwa kwa udongo laini na samadi mpaka zinang'aa kama mgongo wa mtungi. Wageni wa kuufungua walitarajiwa wiki ya pili ya Oktoba. Katikati hapo Mama Dorcas alifiwa na kaka yake, akaenda Kasulu kuzika. Aliondoka kwa siku kumi.

Tukabaki tunautazama ukuta. Tuseme ukweli, tuliona aibu. Huku kwetu udongo ni wa nyumba za watu, serikali ni saruji. Tuliona kama tunampeleka bwana harusi kanisani na bukta. Fundi Melkiadi, ambaye kwa lipu hana mpinzani kuanzia hapa mpaka Kasulu, akasema mama wa watu amechanganyikiwa na msiba, amesahau kuuvisha ukuta. Tukakubaliana upesi sana, kama watu wanavyokubaliana wanapofanya ujinga. Saruji ilikuwepo stoo. Ufunguo wa stoo ulikuwa kiunoni mwa mwandishi wa karatasi hii, na mwandishi hana la kujitetea. Kwa siku sita tuliupiga lipu ukuta wote wa nje, laini, wa kijivu, wa kiserikali. Tukarudi nyuma hatua ishirini tukautazama, na wengine tulitokwa na machozi ya furaha.

Mama Dorcas alirudi siku moja kabla ya wageni. Aliuzunguka ukumbi mara mbili. Kisha akasimama mbele ya Melkiadi.

"Melkiadi, hii ni nini?"

"Lipu, Mama Dorcas. Tulikuwa tunaustiri."

"Mnaustiri ukuta?"

"Wageni wangeona udongo, mama."

"Udongo ndio nilitaka wauone." Akatazama mawingu. "Mmeuvika koti la mpira mtu anayetoka jasho. Basi. Mvua itawaambia."

Wageni walikuja, wakausifu ukumbi, na zaidi wakaisifu lipu. Kisha ikaja mvua ya Elnino. Hatukuwa tumewahi kuona mvua ya namna ile. Ilikuja na upepo, ikanyesha kwa ubavu chini ya upenu. Lipu ikapata nyufa nyembamba kama nywele, maji yakaingia humo, yakakosa pa kutokea. Ukuta uliokuwa unapumua ukazibwa pumzi. Lipu ikaanza kufura kama maandazi ya Shamsia.

Tarehe 11 Desemba Mhandisi Nestori alikuja kutoka mkoani kuukagua, na buti za mpira mpaka magotini. Alipousogelea ukuta wa mashariki, kipande cha lipu chenye ukubwa wa mlango kiliachia kikalala mbele ya miguu yake kwa adabu kabisa. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa, mweusi. Mhandisi hakugomba, ni mtu mpole. Alichukua kopo la rangi nyekundu kwenye gari akachora X kubwa.

"Libomolewe," akasema. "Nani aliagiza lipu ya saruji juu ya udongo?"

Tulikuwa pale. Melkiadi alikuwa anakagua vidole vya miguu yake. Mwandishi aliinama kufunga kamba za viatu, na siku hiyo alikuwa amevaa kandambili. Mama Dorcas alitutazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayehesabu majembe jioni.

"Jengo ni langu," akamwambia Mhandisi. "Kila kilichomo ni changu."

Akaandikiwa onyo papo hapo juu ya boneti ya gari, mwavuli umeshikwa na dereva. Na masharti yalikuwa wazi. Ukumbi ubomolewe, ujengwe upya kwa matofali ya kuchoma, na msimamizi aondolewe kwenye ujenzi, amalizie utumishi wake kwenye stoo akihesabu sepetu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu. Majengo mengine yote aliyojenga yalikuwa ya ramani za watu. Hili moja ndilo lililotoka kichwani mwake, na hakungekuwa na lingine baada yake.

"Mhandisi," akasema, "ukilibomoa na mvua hii utapata ziwa. Nipe mpaka mwisho wa Machi. Ukuta ukiinama hata unene wa kucha, nitakushikia sururu mwenyewe."

Mhandisi alikubali, na tunaamini sababu kubwa ni kwamba hakuna lori lililoweza kufika.

Siku tisa tulikwangua. Melkiadi alijaribu kuomba radhi siku ya kwanza. "Mama, sisi tulidhani..." Akamwambia, "Kwangua." Alijaribu tena siku ya nne kwa Kiha, kwa sauti ya mtoto. Akamwambia, "Ego, nimesikia. Kwangua." Hakututajia jambo lile tena mpaka leo, na wenye wake wanajua adhabu ya kimya inavyokaa.

Lakini jamani, mngeuona ukuta ule ulivyokuwa unakauka. Mvua ilikuwa bado inanyesha siku nenda siku rudi, ila upenu ulikuwa mpana na upepo haukuwa kila siku. Kila alfajiri ukungu ulijaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu, na ukumbi ukajitokeza humo kidogo kidogo, kwanza paa, kisha upenu, kisha ukuta, na kila siku ukuta ulikuwa mweupe kidogo kuliko jana, kama paji la uso la mtoto anayeachwa na homa. Mama Dorcas alikuwa ameshafika. Alitembea kuuzunguka na timazi yake, taratibu, anaonekana na kupotea kwenye ukungu, na kuna asubuhi ambazo hatukuwa na uhakika kama tunamwona yeye au tunamwota. Palipoliwa na maji alipajaza udongo wa kichuguu kwa kiganja. Januari barabara ilikatika. Februari nyumba za watu zilianguka, na familia nne zikalala humu ndani ya jengo lenye X. Hakuna aliyewafukuza.

Mhandisi Nestori alirudi Ijumaa, tarehe 27 Machi 1998. Alikuja na kamba, timazi, daftari na kopo jingine la rangi. Akatafuta X yake asiione.

"Alama yangu iko wapi?"

"Ilikuwa kwenye lipu," Mama Dorcas akamjibu. "Tuliikwangua nayo. Samahani."

Siku hiyo kulikuwa na baraza la wananchi, na watu walishakaa. Mhandisi akaombwa angoje, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, zana zake mapajani. Baraza halijafika katikati, mvua ikashuka. Na sisi, kwa mazoea ya miaka yote ile, tukaanza kujifunika, na mwenyekiti akainua mikono yake miwili juu. Akaiacha hewani. Akasikiliza. Mvua ilikuwepo, lakini ilikuwa mbali, kama inanyesha kijiji cha pili. Akaishusha mikono polepole akasema, "Aliyekuwa anafuata?"

Aliyekuwa anafuata ni Bibi Jeanne, mjane wa Nkunzimana. Kesi yake ya chemchemi alikuwa ameileta ukumbi wa zamani mara tatu, na mara tatu mvua ilimrudisha nyumbani. Sauti yake ni ndogo, kama mtu anayepuliza moto usizimike. Hakusimama, miguu haimruhusu.

"Mimi sina mengi," akasema. "Chemchemi ile aliichimbua mume wangu. Jirani ameizungushia miiba. Nataka kuchota maji tu."

Jirani akajibu kutoka nyuma kabla hajaitwa. "Miiba ile ni ya kuzuia mbuzi, bibi. Siyo wewe."

"Basi waambie mbuzi wanifungulie."

Ukumbi ukacheka, kicheko cha chini chini kikatembea kutoka ukuta hadi ukuta, na kila mtu alikuwa ameyasikia yote, neno kwa neno, na mvua ile juu yetu. Kesi ikaisha kabla ya mvua. Jirani aliondoa miiba Jumatatu.

Waliokuwa karibu na Mhandisi wanasema penseli yake ilisimama pale Bibi Jeanne alipoanza kuzungumza, na haikuendelea. Aliegemea kiti, akainua uso kwenye matete, akabaki hivyo muda mrefu, macho yamefumba nusu. Watu wakatoka, yeye hakutoka. Mvua ilipokwisha alikumbuka kupima. Akapima kuta zote nne, na ile iliyopinda kumpisha mninga akaipima mara mbili. Hakuna uliokuwa umeinama. Kopo la rangi alimwachia Shamsia, na ndilo lililopaka mlango wa banda lake la chai.

Barua ikaja Aprili. Ukumbi ubaki. Ramani yake inakiliwe kwa majengo ya upande wa Kasulu, na mpaka tunapoandika haya msingi mmoja umeshachimbwa. Msimamizi aendelee na kazi yake. Tulichinja mbuzi, na Melkiadi alikula kama mtu aliyetoka gerezani.

Ila kuna kitu hakikubadilika. Lile onyo la Desemba limebaki kwenye faili lake. Linasema kwamba Epifania Niyomwungere aliruhusu lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo kinyume cha utaalamu. Miaka thelathini na miwili, na hilo ndilo doa moja lililoandikwa juu yake, na ni doa la mikono yetu. Hakuomba lifutwe. Nasi kila tulipotaka kusema tulikuta kesho inafaa zaidi, na sasa kesho zimekwisha, faili linafungwa leo saa kumi.

Mhandisi Nestori amekaa safu ya pili. Afisa utumishi yuko kulia kwake. Wasikie hapa pamoja na wengine: lipu ile haikuagizwa na Epifania. Alikuwa Kasulu anamzika kaka yake. Iliagizwa na aibu yetu, ikapigwa na Melkiadi, na saruji ikatolewa na Tamimu wa stoo. Aliyejua kosa alikaa kimya ili waliolifanya wabaki na kazi zao. Melkiadi amesomewa maneno haya mara mbili na ameweka sahihi yake chini, imeenda upande kidogo kwa sababu ya woga. Kama kuna onyo la kuandikwa, majina ni hayo, na yote mawili yameandikwa kwa herufi zilizo sawa.

Mama Dorcas, asante kwa madarasa, kwa zahanati, kwa mninga, na kwa kimya chako, ambacho kilikuwa kizito kuliko lipu. Tunajua unarudi vilimani kwa Dorcas na wajukuu. Maharage yako yakue bila wadudu, paa lako lisivuje, magoti yako yakubali miteremko, na usingizi ukujie kwa ndoto za namna ile ile. Siku zako zote zilizobaki ziwe nyepesi, na ukipita Kibondo chai iko kwa Shamsia, umelipiwa na wawili unaowajua.

Imeandikwa na Tamimu Badru, mtunza stoo.
Imethibitishwa na Melkiadi, fundi wa lipu.

Nakala: Faili binafsi la Bi. Epifania Niyomwungere. Ibandikwe juu ya ukurasa wa onyo.